Fundo Langu na Kicheko Chako

Zuhura mwanangu,

Huku Mgeta mvua zimerudi, njegere zako za bondeni zimetoa maua. Tangu tumalize arobaini yako nilikuwa na hofu moja: kompyuta yako. Ilianza kukoroma kama mzee mwenye pumu. Nikasema, hii ikifa, na kicheko chako kimekwenda. Kile ulichokirekodi kwa video jikoni tukimenya njegere, mimi naziangalia moja moja kama zina funza, ukasema, "Mama, hata njegere unaziogopa!" Ukacheka mpaka ungo ukamwagika.

Nikaifunga kompyuta kwenye khanga, nikashuka nayo Morogoro kwa Devota, mwenzako wa kazini. Akatoa nakala ya diski nzima, akaipitisha kwenye mtandao wa ofisi ikakae kwenye kompyuta yao kubwa. Ikaandika imekamilika. Tukafungua. Mwanangu, ulifungua mdomo tu ucheke, picha ikaganda, ikawa kijivu. Nikakaa sakafuni.

Devota hakutetereka. "Mama Zuhura, ya asili ipo. Ningeifuta, Zuhura angenichapa." Akaiambia kompyuta ihesabu kila kilichomo, ikatoa namba ndefu ya diski yako na ya nakala, maana kikibadilika hata kitu kimoja namba hubadilika, akazilinganisha. Hazifanani. Akanakili tena: hazifanani, na safari hii palipoharibika ni pengine. Akasema diski ingekuwa mbovu, ingeharibika palepale. Ugonjwa uko njiani.

Hapo nikakuona ulivyokuwa mdogo, umesimama kwenye lori unapokea viazi vyetu vilivyoteremshwa na wabebaji, unakagua kamba ya mgomba kwenye mdomo wa kila gunia. "Mama, fundo hili si lako!" Na kweli, kuna mkono ulikuwa umeingia. Ulipopata kazi ya kompyuta ukaniambia, "Ni kazi ile ile, mama. Natuma gunia, naangalia fundo."

Basi Devota akauacha mtandao, akachomeka diski mpya palepale kwenye kompyuta yako. Namba zikafanana, mwanzo mpaka mwisho. Fundo langu! Nikapiga kigelegele, watu wakatoka maofisini. Devota akawaambia, "Ni mama yake Zuhura, yule Zuhura aliyetufundisha tusifute cha zamani kabla ya kulinganisha." Nilivimba kichwa, mwanangu. Mimi wa darasa la tatu, nimezaa mtu wa kutajwa hivyo! Ule mtandao bado wanaupima kipande kwa kipande, kama ulivyokuwa ukifanya wewe.

Picha ikapita pale ilipoganda. Ukacheka. Ungo ukamwagika.

Sasa pumzika, mwanangu, Mungu akuangazie huko uliko. Nakala moja iko kwa Devota, nyingine aliyonitolea kwa njia ile ile ninayo hapa, kwenye mfuko niliofunga kwa fundo langu. Nakuahidi kila nikishuka mjini nitaipeleka ilinganishwe. Na njegere za bondeni zikikomaa nitazimenya bila kuzichunguza. Nikimla funza, unicheke.

Mama yako