Mnanaha Juu ya Kaburi Lako

Mama,

Nimerudi Ihanda, na mnanaha, lile gugu letu, umeota tena. Mvua ina wiki mbili tu, na mahali ulipotangulia kuchomoza ni juu ya kaburi lako. Nimekaa hapa pembeni, viganja vinanuka ile harufu yake ya panya, na sina wa kumwambia isipokuwa wewe.

Unakumbuka tulivyopata kiwanja hiki. Tulipohamishiwa kijijini na nyumba zikapangwa mistari, kamba ya wapimaji ilituangusha juu ya zizi la zamani la ng'ombe. Watu wakatuonea wivu, samadi ya bure! Mahindi yaliota kweli. Mnanaha ukaota kuliko mahindi. Ulikuwa unang'oa mpaka viganja vinachubuka, halafu unaketi kwenye kizingiti unacheka peke yako. "Mwanangu, huu mmea una roho ya paka." Unang'oa leo, keshokutwa vichanga vingine vimeshatoa majani mawili mawili kwenye udongo.

Lakini mnanaha ungekwisha, mama. Ungekwisha kama si baba na pumu yake. Nani asiyejua alivyokuwa anakausha majani ya mnanaha, anayasokota kwenye kipande cha gazeti, anavuta mpaka kifua kifunguke? Nyuma ya jiko alikuwa na shina lake moja, analilinda kuliko mbuzi. Ulimwomba aling'oe. Ulimwomba hata mbele ya wazee wa kanisa, akajibu, "Mkiling'oa hilo, mmening'oa mimi." Ukanyamaza. Wewe na kunyamaza kwako, mama, leo kunaniudhi kuliko hata maneno yake. Yale matunda yenye miiba yakakauka, yakapasuka, yakamwaga mbegu uani, nawe ukaendelea kung'oa watoto huku mama yao amesimama pale pale.

Mimi nami sijasalimika. Ulinitumia salamu kule Mbebe nilikoolewa kwa watu wa mnadani, nije nikusaidie kung'oa kwa sababu macho yako yameanza ukungu. Nikajibu, nikimaliza kuchuma kahawa. Kahawa ikaisha. Nikasema, nikimaliza kupanda mahindi. Mume wangu aliniambia niende tu, nisimsingizie yeye kwa watu. Sikuja. Nilifikiri ni magugu tu, na magugu hayana haraka.

Ile asubuhi baba alikuwa kwenye shamba la kijiji. Ulichuma mboga ya mnafu nyuma ya jiko kama siku zote mvua zikianza, na vichanga vya mnanaha vilikuwa vimejichanganya humo humo. Mtu mwenye macho mazima huwa anakosea, sembuse wewe. Ukapika, ukala na ugali wako peke yako. Baba aliporudi akakukuta unazungumza na bibi aliyekufa zamani, unaokota nyuzi hewani, ngozi kavu inachoma, unadai maji na huwezi kuyameza. Na macho yako, mama. Mboni zilikuwa zimepanuka zikajaa jicho zima.

Watu wakasema umelogwa. Wangesema nini kingine? Sisi wa vilima vitatu tuliowekwa mstari mmoja tulikuwa hata majina hatujashikana vizuri, na mtu usiyemjua ndiye mwepesi kuitwa mchawi. Wakamnyooshea kidole Mama Salome, jirani yetu wa upande wa barabarani, kwa sababu juzi yake alikupa chumvi. Ukapelekwa kwa mganga. Siku nzima ikapotea kwa kuku na ubani. Ulipofikishwa Vwawa hospitalini ulikuwa huna tena nguvu hata ya kuokota zile nyuzi. Nami nilifika ukiwa umeshafunikwa shuka.

Tukakuzika hapa uani. Unajua desturi yetu, hakuna kushika jembe mpaka matanga yaanuliwe, na baba alisema kwa ajili yako hatutagusa ua mwezi mzima. Watu wakamsifu kwamba anakuheshimu. Mwezi mzima tulikaa tunautazama mnanaha ukitoa maua yake meupe, kisha matunda, hakuna wa kuunyooshea mkono.

Nilipokuja mara ya pili nikamkuta bwana shamba akikagua kahawa za majirani. Nikamwita. Alisimama hapo ulipo akatufundisha. Mbegu hizi hulala ardhini miaka na miaka, ukichimbua udongo unaziamsha. Tung'oe kabla ya tunda, tusitupe jaani, tuchome, tukae mbali na moshi, tunawe mikono kabla ya kugusa macho. Sisi ndio tuliozipandisha juu, mama, tulipokuwa tunachimba shimo lako.

Halafu akauliza marehemu aliumwa nini. Nikamweleza. Alitazama tu lile shina nyuma ya jiko, kisha akamtazama baba.

Alipoondoka, baba akakaa kwenye kigoda chako. Akasema, "Nilijua tangu nilipoyaona macho yake."

Alijua! Yeye mwenyewe aliwahi kuvuta kupita kiasi, akaona vitu, macho yake yakawa hivyo hivyo. Alijua, akaogopa watamng'olea shina lake. Akawaacha wakupeleke kwa mganga. Akamwacha Mama Salome atukanwe kisimani mpaka akafunga mizigo na kuhamia Tunduma kwa ndugu zake, bila kumuaga mtu. Mwanamke aliyekupa chumvi siku ambazo chumvi ilikuwa haionekani dukani.

Nilichukua jembe nikalichimbua lile shina mpaka kwenye mzizi, nikalichoma. Hakunizuia. Juzi nilipokuwa naanika godoro lake nikakuta kiberiti, ndani si njiti, ni mbegu nyeusi zimejaa. Nazo nimezitia motoni. Alikuwa mlangoni ananitazama, kifua kinapiga filimbi. Vidonge vya Vwawa vikiwepo anapumua. Visipokuwepo analala ameketi, nami namshika mgongo, kwa sababu ni baba yangu, na huku namshika nina hasira naye mpaka meno yanauma.

Nimepita Tunduma kumtafuta Mama Salome. Nilimweleza yote. Alinisikiliza akichambua maharage, hakuinua uso, akasema tu, "Nimesikia." Si msamaha huo, na sikumdai.

Kaburi lako sasa ni safi, nimeng'oa kimoja kimoja kwa mkono. Kila mvua ya kwanza nitakuwa hapa kabla mnanaha haujatoa ua, kahawa isubiri, mahindi yasubiri. Hilo nakuahidi, mama. Pumzika.

La kumsamehe baba usinidai.

Mwanao uliyemwita, akachelewa.