Gari Limezoea Uzito Wako

Baba Mishi,

Assalamu alaikum, na Mola akupe nuru hapo ulipolala. Mamako anakusalimu; magoti yanamsumbua, na chai yangu bado anasema haina sukari. Hamisi mwanao anakusalimu, yuko kazini kisiwani Chale, akija huja na nguo chafu. Mishi anakusalimu, na huyo ndiye aliyenishikisha kalamu. Hata yule mbuzi mla kamba ni mzima. Mimi eda nimeimaliza salama, ila roho iko juu juu, na sababu ni wewe.

Ni gari lako. Lile la mabomba na bati jepesi, lililokuja vipande vipande ndani ya makasha, yule mgeni wa Diani akashindwa kuliunga akakuachia. Wenzio wakifa huacha minazi. Wewe umeniachia gari ambalo watu wawili huliinua kwa mikono, na binti asiyesikia la mtu.

Nilipokuwa ndani ya eda nikisikia nyundo ya Mishi tu. Nilipotoka, Mishi akaliwasha. Yarabi! Linakwenda huku, linakwenda huku, kama mbuzi asiyetaka kupelekwa sokoni. Njia ya Bongwe likamtia mtaroni, nikapiga ukelele hata mamako akatoka bila mtandio. Tukalipeleka Ukunda kwa wenye mashine ya kunyoosha magurudumu. Fundi mmoja wa bara akacheka, "Mathe, hii ni toy ya watoto, mashine yetu haiwezi shika." Mama yake mimi tangu lini?

Basi akarudi kwenye njia yako. Akavuta mshipi wa kuvulia pande zote mbili za gari, akapima nafasi kutoka uzi hadi gurudumu, mbele yake na nyuma yake. Uzi ukaonyesha magurudumu ya mbele yamepinda. Unadhani alikubali? "Baba hakukosea, Mama. Ni wewe umetikisika." Akabadilisha uzi. Akalisogeza gari, ati chini hapako sawa. Mimi nimeinama nimeshika ncha, mgongo unaniuma, naambiwa natikisika!

Ndipo nikakukumbuka umeketi humo ndani, mimi nimeshika uzi huohuo, wasema, "Gari jepesi hili, mke wangu, lapimwa mwenyewe akiwa kitini." Nami nikakujibu, kwa tumbo hilo utapinda hata chesisi. Nikamwambia Mishi, "Babako alikuwa akiketi, gari linashuka, magurudumu yanageuka kidogo. Nati za usukani alizifunga kwa uzito wake. Wewe mwembamba kama ufagio, litakutambuaje?"

Nilidhani yamekwisha. Asubuhi namkuta amefunga kiroba cha mchanga nyuma ya kiti, ati kifidie uzito wa babake. Na kweli likanyooka! Akashangilia, "Unaona? Baba hakukosea!" Kona ya kwanza kiroba kikamwangukia shingoni, karibu aingie kwenye mkorosho.

Nikamwambia afungue zile nati apime upya, yeye mwenyewe akiwa kitini. Akaanza kulia. "Alizifunga Baba, Mama. Tazama alama yake."

Nikainama nikatazama. Rangi nyekundu. Rangi yangu ya kucha, Baba Mishi! Ile niliyoitafuta nyumba nzima, na wewe ukinisaidia kuitafuta, mpaka chini ya kitanda umeingia! Nikacheka pale mchangani, nikacheka, halafu... haya.

Nikachukua spana mwenyewe. Nikamweka Mishi kitini, nikamwambia shika usukani usiniangalie. Nati ilikaza. Nikasema bismillah, rangi ikapasuka. Tukavuta uzi, tukapima, tukarudia mpaka ukakubali. Akaenda Bongwe akarudi kwa mstari mmoja, mimi nimesimama njiani mikono kichwani.

Nisamehe. Wewe nimeshakuzika. Yeye sitaki, na wallahi kile kiroba kilikuwa kinamtafuta.

Nakuahidi hatabeba mchanga tena wala hatalikimbiza nikiwa hai. Na alama nimeipaka upya. Kile kichupa nimekikuta ndani ya kisanduku chako cha spana, kimebaki na tone la chini kabisa. Limetosha nati zote.

Pumzika, baba. Ijumaa tunakuja kukuombea, tunakuja na gari hilo, Mishi usukanini, mimi kando yake nimeshika mlango. Lakini ile nati ya kushoto sina hakika nayo, labda nimeikaza mno. Nijie usingizini uniambie. Na uje upesi, Ijumaa haiko mbali.

Mkeo,
Mama Mishi