Skuli Iliyokubaliwa

Baba yangu,

Juzi mjukuu wako Zuhura alikuwa na kitabu chake cha Kiingereza, akaniuliza maana ya neno approved. Nikamwambia, "Iliyokubaliwa." Mara nikakuona wewe, umesimama nje ya korti ya Lamu, miaka michache baada ya Uhuru.

Ulikuwa umetoka Siyu kwa ajili ya ndugu yangu Athmani. Alikuwa akikaa nami kwa shangazi, mtaa wa Langoni, ili asome. Yeye na wenzake wakavunja duka, wakaiba tochi. Hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa ulipofika. Askari mmoja wa bara akakupa habari: "Mzee, kijana anapelekwa approved school."

Ukanigeukia mimi, bintiyo niliyekuwa nikisoma Kiingereza skuli. "Ni skuli gani hiyo?"

"Skuli iliyokubaliwa, baba."

Uso wako ukakunjuka. "Alhamdulillahi," ukasema, ukaanza kuuliza kama atahitaji kanzu mpya.

Askari akakushika bega taratibu. "Mzee, si hivyo. Ni mahali wanapofungiwa watoto waliovunja sheria. Ni mbali, huko bara. Atakaa miaka."

Ukaketi palepale kwenye ngazi. Mimi nikalia. Ukanifuta machozi kwa ncha ya shuka yako, ukaniambia sikukosea, neno ndilo lililotudanganya. Kisha ukauliza polepole, "Lakini imekubaliwa ni nani?"

Ukaingia kwa hakimu bila kuitwa. Nilikusikia nikiwa mlangoni: "Bwana, mumeikubali nyinyi. Mimi babake siyaikubali. Nipeni mwanangu. Akikosa tena, nifungeni mimi."

Hakimu akamwita karani abadilishe hukumu. Athmani akaachiwa mikononi mwako, kwa sharti awe akiripoti kwa chifu. Njia nzima ya kurudi Siyu hukumgombeza. Ulimuuliza tu kama amekula.

Nami nikawa mwalimu wa Kiingereza, baba. Neno lile nimelifundisha mara nyingi.

Sijakusimulia siku ya maziko yako. Wazee walikuwa wakishauriana nani aingie kaburini. Athmani hakungoja. Alishuka, akanyoosha mikono, akakupokea.

Pumzika, baba. Dua zetu zakufuata.

Binti yako