Bei ya Jumapili Mchana

Ternaard, Friesland, Uholanzi
11 Machi 2023

Mpendwa binti yangu Hiske,

Salamu kwako, kwa mumeo Grant, na kwa ng'ombe wenu wote, maana najua huko New Zealand nao mnawahesabu kama ndugu. Sisi tupo. Mgongo wangu unalalamika asubuhi na kunyamaza jioni. Mama yako kwa mwili ni mzima kabisa. Kwa kichwa ni vilevile nilivyokuandikia wakati wa Krismasi, ila jina lako halijampotea. Jana alilitaja akimenya viazi, akaniuliza kama umeshatoka shule.

Nakuandikia kwa sababu simu siisikii vizuri tena, na kwa sababu mama yako anapenda karatasi ya kushika. Barua yako ya mwisho anatembea nayo kwenye mfuko wa aproni.

Nimeamua kuweka sola juu ya paa. Usinicheke. Durk fundi ameshapima na paneli zinakuja mwezi ujao. Kinachonisumbua ni mkataba wa umeme. Kampuni imenipa mitatu nichague. Wa kwanza ni bei moja, imefungwa miaka mitatu. Wa pili ni ule wetu wa siku zote, ghali mchana wa siku za kazi, nafuu usiku na Jumamosi na Jumapili. Wa tatu ni wa kisasa, bei inabadilika kila saa kulingana na soko.

Unamjua mama yako na ule wa pili. Tangu tuhamie nyumba hii hajawahi kufua siku ya kazi. Anafua Jumamosi kwa kuwa umeme ni nafuu, na Jumapili hafui kwa kuwa ni siku ya Bwana. Sasa siku zote zimemchanganyikia isipokuwa hiyo moja. Akisikia mashine inazunguka anajua leo ni Jumamosi na kesho ni kanisani, basi ananitolea suti na kuitundika mlangoni. Daktari anasema maadamu ana kitu kama hicho cha kushikilia, anaweza kukaa nyumbani. Hilo ndilo ninalolitaka, Hiske. Abaki hapa na mimi. Mengine yote ni ya kuzungumzika.

Wewe ndiye mwenye kichwa cha hesabu. Nichague upi?

Ni mimi, Baba yako

*

Winton, New Zealand
29 Machi 2023

Baba yangu mpendwa,

Natumaini mgongo umetulia na mama amelala vizuri. Sisi hatujambo, mvua imetunyeshea hadi mifukoni. Mbusu mama. Mwambie shule nimemaliza, tena nilifaulu.

Wewe, mzee mwenye mkono wa birika kuliko wote kaskazini mwa Uholanzi, unaweka sola? Nilimsomea Grant barua yako mara mbili ndipo akaamini.

Chagua wa tatu. Mkataba wa bei mbili ulitungwa zamani, wakati umeme ulikuwa mwingi usiku watu wakiwa wamelala. Siku hizi umeme unakuwa mwingi jua linapowaka. Nimepiga hesabu, Baba. Ukiwa unatumia vitu vikubwa saa ambazo bei iko chini, utakachookoa kinatosha kumlipa Aukje wa jirani akae na mama asubuhi mbili kila wiki. Wewe upumue, mama awe na mtu. Unataka abaki nyumbani, na hii ndiyo njia ya kumbakisha.

Usiogope. Nitakuelekeza kila kitu.

Binti yako, Hiske

*

Ternaard
14 Mei 2023

Mpendwa Hiske,

Habari za huko? Huku tumepata jua la kweli, na mama yako amepata rangi mashavuni. Tunakula vizuri. Mkate wa sukari uliotufundisha kuuficha, ameugundua.

Nimekusikiliza, nimesaini wa tatu. Durk amemaliza paa na amenitundikia kishikwambi jikoni kinachoonyesha bei ya kila saa kwa vijiti vya rangi, vya kijani vya nafuu na vyekundu vya ghali. Sasa mimi ni mtumwa wake. Jana nilisimama na birika mkononi nikisubiri kijiti chekundu kipite ndipo nichemshe kahawa. Mama yako anadhani ni picha ya maua ya tulipu. Anaisifia kila asubuhi, "Wiebren, umepanda vizuri mwaka huu."

Aukje anakuja Jumanne na Alhamisi. Mama yako anamkubali, wanakunja taulo pamoja. Kwa hilo nakushukuru, mwanangu. Alhamisi iliyopita nililala usingizi wa mchana kama mtoto.

Siku ya kufua nimeiacha Jumamosi. Nimeona pasiguswe.

Baba yako

*

Winton
4 Juni 2023

Baba mpendwa,

Salamu tele, na Grant anakusalimu. Sisi wazima, ila mimi nina kikohozi kisichosikia dawa.

Nimeingia kwenye akaunti yako ya umeme kama ulivyoniruhusu. Unafanya vizuri sana, wewe na birika lako! Lakini Jumapili mchana, Baba, tafadhali. Viwanda vimefungwa, jua limewaka nchi nzima, bei inashuka hadi chini ya sifuri. Maana yake ukitumia umeme saa hizo unalipwa, na paa lako likiusukuma nje, wewe ndiye unayelipa. Unalipa ili watu wachukue jua lako! Hilo peke yake linakula nusu ya asubuhi moja ya Aukje.

Hamishia kufua Jumapili saa saba. Najua, najua, siku ya Bwana. Anika ndani ya banda, wanaotoka kanisani hawataona hata soksi. Na mama, kwa hali yake ya sasa, sidhani kama atajua tofauti.

Binti yako anayekupenda, Hiske

*

Ternaard
25 Juni 2023

Mpendwa Hiske,

Kikohozi kimekwenda? Kunywa maziwa ya moto na asali, mnayo ya kutosha. Sisi hatujambo.

Ulichoandika hakikunipendeza, nakwambia wazi. Niliiweka barua yako chini ya redio nisiione. Lakini Jumapili zilizofuata nilikaa nikitazama kile kishikwambi, na kweli, naitoa nguvu ya paa langu mwenyewe na kuilipia. Unanijua. Nilikosa raha hata ya kunywa kahawa.

Jumapili ijayo nitajaribu, mara moja tu. Mzigo mdogo, shuka na fulana. Nitaanika bandani. Usimwambie mtu yeyote wa huku.

Baba yako

*

Winton
6 Agosti 2023

Baba mpendwa,

Vipi hali yako? Mama hajambo? Sisi tumeanza msimu wa kuzalisha ng'ombe, tunalala na viatu.

Nimesubiri barua yako mwezi mzima. Nilipopiga simu ulisema, "Tupo, nitaandika," ukakata. Mara ya pili hukupokea. Nimeangalia akaunti ya umeme, na tangu mwanzoni mwa Julai mashine haijazungushwa hata Jumamosi. Baba, kuna nini? Mtu asiyefua nguo mwezi mzima ana jambo.

Niandikie hata mstari mmoja. Naogopa.

Binti yako, Hiske

*

Ternaard
10 Septemba 2023

Mpendwa binti yangu,

Nisamehe kwa kukunyamazia. Natumaini ndama wanatoka salama na unapata kulala. Mimi ni mzima. Mama yako ni mzima pia, lakini hayuko hapa.

Nitakusimulia yote mara moja, kisha tusirudie.

Ile Jumapili tulitoka kanisani, tukala, mama yako akasinzia kitini. Saa saba nikawasha mashine. Ilipoanza kukamua aliamka. Akasikiliza, akatabasamu, akapanda juu. Nilipokwenda chumbani baadaye nikakuta suti yangu imetundikwa mlangoni, imepigwa brashi. Niliiona, Hiske. Nikasema moyoni, atasahau kesho, nikairudisha kabatini.

Hakusahau. Kwake ile siku ya kufua ilikuwa Jumamosi, basi kesho yake ni kanisani. Jumatatu asubuhi kulikuwa na mvua, nami nilikuwa bandani nakunja yale mashuka kabla mtu hajayaona. Aukje haji Jumatatu. Mama yako akavaa koti la bluu, akachukua kitabu cha zaburi, akatoka kwa mlango wa mbele.

Nilimkuta kanisani, nje, mlangoni. Amelowa chapachapa, kitabu amekificha ndani ya koti kisilowe. Mlango umefungwa, hakuna mtu barabarani. Alikuwa amegonga hadi vidole vimechubuka. Nikamwambia, "Jeltje, twende nyumbani."

Akanitazama kwa adabu, kama anavyowatazama wageni. Akaniambia, "Hakuna aliyekuja, bwana. Wamekufa wote. Na Wiebren wangu naye amekufa. Angekuwa hai asingekosa kanisa."

Nikasema, "Jeltje, Wiebren ni mimi."

Akanishika mkono, akasema, "Pole, bwana. Na wewe umefiwa?"

Nilidhani ni baridi, kwamba akipata supu na blanketi atarudi. Hakurudi. Kuanzia siku hiyo ni mjane. Mchana alinivumilia, alidhani nimekuja kutengeneza kitu. Lakini jioni nilipoingia chumbani alipiga kelele mpaka Aukje akaja mbio. Nikahamia kwenye kochi. Hakulala. Alikaa amekumbatia ufagio, anamlindia marehemu mumewe nyumba yake dhidi yangu. Mara mbili alikimbia nje na gauni la kulalia. Daktari alisema haiwezekani tena, atatumbukia mferejini. Sasa yuko kwenye nyumba ya wazee mjini Dokkum, upande wenye mlango unaofungwa.

Sikulaumu. Kidole kilichobonyeza ile mashine ni changu.

Baba yako

*

Winton
27 Septemba 2023

Baba yangu,

Sina salamu za kuandika leo. Nimesoma barua yako nikiwa zizini na Grant amelazimika kunishika.

Niliandika kwamba mama hatajua tofauti. Niliandika kwa mkono wangu, nikiwa na kikohozi na haraka ya chakula cha jioni. Mimi niliyeondoka miaka kumi na mitano sasa, nisiyejua hata anachokula asubuhi, nilikuambia wewe unayeishi naye nini anajua na nini hajui. Unasema hunilaumu. Ningeomba unilaumu kidogo, Baba, ningeweza kulala.

Ng'ombe wa mwisho wakishazaa ninakuja. Tiketi ni ya Novemba. Labda akiniona mimi.

Hiske

*

Ternaard
14 Januari 2024

Mpendwa mwanangu Hiske,

Natumaini ulifika salama na miguu imepungua kuvimba. Mimi sijambo. Mgongo ni uleule. Ulivyokuja ulinipa nguvu, hata kama uliondoka unalia.

Usiihesabu ile safari kuwa ya bure kwa sababu mama alikuita muuguzi. Alikuruhusu umsuke nywele, na mimi nilikuwepo, niliona uso wake. Mimi bado ni yule bwana aliyefiwa. Naenda kila siku baada ya chakula. Ananikaribisha kahawa na kunisimulia habari za mumewe. Wiki iliyopita aliniambia kwamba Wiebren hakuwahi kumwambia neno la mapenzi, lakini kila baridi kali alikuwa anaingia kitandani kwanza, upande wa mama yako, akaupasha moto, halafu akahamia upande wenye ubaridi. Nikamuuliza kama alijua kwa nini alifanya hivyo. Akasema, "Nilijua, bwana. Sikuwahi kumwambia kama najua." Nilitoka nje nikasimama kando ya baiskeli mpaka nikaweza kuendesha.

Anamlilia, Hiske. Kila siku anamlilia mtu aliyekaa mbele yake na kikombe, na mimi siruhusiwi kumwambia, kwa sababu nikimwambia anaogopa.

Sasa habari ya umeme, maana utaniuliza. Nimeuacha mkataba wa saa. Sikukuomba ushauri safari hii, usinune. Sitaki tena kitu kinachoniambia saa ya kuchemsha maji. Nilipiga simu kwenye kampuni, nikapata msichana mwenye sauti ya upole ambaye hakuchoka kurudia. Nikamwambia nataka ule wa bei mbili, wa Jumamosi na Jumapili. Akasema kwa mtu mwenye sola ule una hasara. Nikamwambia najua.

Akaniuliza maswali yake, ili wakadirie malipo ya kila mwezi. Nyumba ya ukubwa gani. Paneli ngapi. Jiko la gesi au la umeme. Kisha akauliza, "Mnaishi wangapi hapo, bwana?"

Nikahamishia simu sikio la pili. Alidhani sijasikia, akarudia kwa sauti ya juu.

Nikamwambia wawili.

Baba yako