Bichuguu Mbili ya Njia ya Ruashi

Siku ya tano, 3 mwezi wa tisa 1954

Kamyo ya kwanza kufika sokoni, tena miye. Samaki ya Kasenga iko juu ya barafu, barafu iko inayeyuka, na leo bakatoliki wote ya Élisabethville habagusi nyama. Bamama banapiga vigelegele: "Mupepo! Mupepo!" Njo jina yangu. Padri alinipa lingine, hakuna muntu analikumbuka.

Patron yangu ni Mugiriki; Kasongo, shofeli ya Mugiriki mwingine, akafika nyuma. Nilimuuliza kama alisukuma kamyo kwa mikono. Hakucheka.

Kitu kimoja tu mubaya. Njia ya Ruashi, pale inanyooka, polisi balinisimamisha. Vitesse, mbio ya kupita kiasi. Amande, faini kabisa. Muzungu ya polisi akaandika ndani ya permis yangu, kitabu ya ruhusa ya kuendesha, mupya, haijakunjwa hata. Anasema kosa ya tatu, banaichukua. Nilimuitikia vizuri. Ndani ya moyo nilicheka.

Posho, 4 mwezi wa tisa

Nimejua vile banafanya. Polisi mumoja anajificha nyuma ya kichuguu ya kwanza, ile kubwa kama nyumba. Kamyo ikipita, anatingisha kitambaa cheupe. Kwa kichuguu ya pili Muzungu anashika saa. Ukifika haraka kupita saa yake, umekwisha.

Niliwaza mpaka bukari, ugali yangu, ikaungua. Nimepata dawa. Akili yangu inaniogopesha.

Siku ya tano, 10 mwezi wa tisa

Dawa inatumika! Nilipita kichuguu ya kwanza kama risasi. Kitambaa juu. Katikati, nikasimama. Nikashuka. Nikapiga pneu ya gurudumu teke, nikakojoa bila haraka. Nikapanda, nikaenda polepole, nikamupungia Muzungu mukono. Kwa saa yake, miye ni kobe.

Sokoni nikaeleza yote, mbele ya mustari muzima ya banunuzi. Nilionyesha na namna ya kukojoa. Bamama balicheka mpaka mumoja akaangusha kapu yake. Mama Albertina, muchuuzi ananunuaka kwangu tangu safari yangu ya kwanza, njo peke yake hakucheka.

"We mutoto, funga kinywa. Unajua nani iko mu mustari?"

"Mama, njo wivu hiyo?"

Yenga, 12 mwezi wa tisa

Misa. Nimemuona polisi ya kitambaa, amevaa viatu ya kung'aa, na bibi yake kando. Bibi yake njo ule aliangusha kapu. Akaniangalia, akaanza kucheka tena.

Sikuwaza hata siku moja kama polisi nabo ni bakatoliki. Nabo banakulaka samaki siku ya tano. Lakini bibi gani anapelekeaka bwana yake habari ya mikojo ya shofeli? Hatasema.

Siku ya tano, 17 mwezi wa tisa

Alisema.

Nilisimama katikati kama kawaida. Majani ikafunguka. Polisi ya kitambaa alikuwa amekaa mule, na saa yake mwenyewe, amenipima toka kichuguu ya kwanza.

"Kojoa, Mupepo. Tuko tunakungoja."

Kosa ya pili ndani ya permis. Balinikalisha kwa jua mpaka maji ya barafu ikatiririka chini ya kamyo. Sokoni Mama Albertina alisukuma tumbo ya samaki na kidole. Kidole ikaingia. Hakunitukana. Alivuka, akaenda kununua kwa Kasongo. Afazali angenitukana.

Posho, 18 mwezi wa tisa

Patron amepiga kelele, ananikata mushahara. Sawa. Kinachoniuma ni permis. Bila permis ninarudi kubeba magunia. Nilibebaka. Mugongo inakumbuka.

Nimejiuliza saa yangu inapoteaka wapi. Si njiani. Ni Kasenga. Siku ya ine samaki inapakiwa jua ingali juu. Miye ninazunguka kwa pombe, ninajisifu, ninangoja Kasongo atangulie. Kama hakuna muntu mbele, nitamupita nani?

Njo ukweli. Ni mubaya kuusoma.

Siku ya ine, 23 mwezi wa tisa

Kasenga. Nimeomba unga ya mbao kwa seremala, nimeimwanga katikati ya visanduku, juu nimefunika magunia ya kuloweshwa, barafu isiyeyuke upesi. Ninaondoka sasa. Bengine bangali banakunywa. Kasongo amepaza sauti: "Angalieni, Mupepo anaogopa!" Bote bakacheka. Imeniingia.

Siku ya tano, 24 mwezi wa tisa

Kasongo alinipita mbele ya mapambazuko. Nikakula vumbi yake yote. Muguu yangu iliwasha. Sikukanyaga.

Kwa kichuguu ya pili kamyo yake ilikuwa imesimama, barafu yake inadondoka barabarani. Yeye mbele ya Muzungu, kofia mukononi. Nilikuwa na neno tamu sana kwa ulimi. Nikaiona ile kofia. Nikapita kimya.

Sokoni hakuna kigelegele. Kamyo ingine ya samaki, ya Likasi, ilishafika, bamama balikuwa kule. Mama Albertina akakuja peke yake. Akafungua mashavu ya samaki: mekundu. Akafungua ya pili. Akajaza kapu, akaniambia, "Jumaa ingine uniwekee yenye mafuta."

Nimeosha magamba, nimerudisha kamyo. Ninalala muchana.