Khalta ya Bibi

Ibra, Jumatano, nimetoka soko la wanawake sasa hivi

Salma, mtoto wa mama yangu,

Marahaba. Naanza na marahaba kwa sababu shikamoo yangu hujanipa tangu Shaabani, na mimi ni mkubwa wako, basi haki yangu najichukulia mwenyewe. Assalaam alaykum warahmatullah. Goti lako je? Bado linakuuma ukisujudu, au umeshatafuta kiti cha kusalia kama nilivyokwambia? Na lile jino? Kama hujaling'oa mpaka leo, basi mkaidi ni wewe, si jino.

Sisi wazima, alhamdulillahi. Joto la huku jangwani si kama la kwenu Unguja lenye jasho. Hili linakukausha mpaka mate. Anayeandika ni Mwanaidi, yule mtoto wa Tanga anayetufanyia kazi hapa nyumbani. Mimi nasema, yeye anaandika, kisha namwambia asome nisikie, maana kalamu ya mwenzio haiaminiki. Akinilainishia neno nalijua. Barua inakuja na mke wa jirani yetu, anakwenda Unguja kumtazama mama yake. Nimeona bora barua, kwa kuwa sauti ninazokupelekea kwenye simu huzifungui. Mjukuu wangu Wafaa amenionyesha: kumi na moja, zote zimelala pale pale. Una haki. Ile moja uliyoifungua ilikuwa matusi.

Nimeyasema na siyakani: "Salma, umemtilia nini mtoto wangu? Karafuu umezidisha, au umeokota unga wa dukani ukauita singo? Mkono wa mama umeharibikia kwako." Nimekwambia hayo wewe, unayesugua mabiharusi wa mji mzima, na wote wametoka wanang'aa. Sasa kaa kitako nikuhadithie yalivyokuwa, halafu ukitaka kunirudishia matusi yangu, nirudishie yote.

Wafaa kachumbiwa na kijana wa Sur, hilo unalijua. Walipokuja watu wake, wanawake walikaa na sisi ndani, na halua na kahawa. Kulikuwa na khala yake bwana harusi, dada wa mama yake, mwanamke wa dhahabu nyingi. Akamshika mtoto kidevu, akamgeuza kwenye mwanga kama mtu anayenunua samaki, akasema, "Mashaallah, mzuri. Samra kidogo, lakini siku hizi yote yana dawa." Wenzake wakacheka, maana samra kwao ni aliyekolea rangi. Mimi nikamwambia, "Hii rangi inaitwa maji ya kunde, bibi wee, na kwetu haijapata kuwa ugonjwa." Naye akacheka. Nikadhani yamekwisha. Hayakwisha. Mtoto alilimeza lile neno na halua yake.

Ndipo nilipokuagiza singo ya kumsugulia kabla ya harusi. Ikaja, nzuri, inanukia mpaka Mwanaidi akasema nyumba imekuwa ya Forodhani. Nikawa namsugua kila Alhamisi, mwili mzima, uso mpaka nyayo, kama mama alivyotufanyia sisi. Wiki ya tatu uso ukaanza kuwa mweupe. Salma, nilijisifu! Soko zima la Jumatano lilijua. "Singo ya Unguja hiyo, ya ndugu yangu!" Mwanamke mmoja wa Tiwi akaniomba nimwagizie. Laiti ningejiuliza wakati ule tangu lini singo yetu ikamfanya mtu mweupe, maana inalainisha na kunukisha, rangi ya mtu inamwachia mwenyewe. Lakini sifa tamu, na mwenye kusifiwa hana macho.

Halafu uso ukageuka. Mashavu mekundu kama yamefukizwa mvuke. Vipele vikazunguka mdomo. Ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, mishipa inaonekana, na vinyweleo vimemuota kwenye taya, mtoto wa kike. Akitoka juani analia. Tukaenda kwa daktari wa ngozi, Wafaa mwenyewe anaendesha gari na miwani yake myeusi. Daktari msichana, uso wake laini kama yai. Nikamtilia shaka tangu mlangoni. Nikamuuliza, "Na wewe huo uso umetia nini?"

"Mafuta ya kuzuia jua tu, ummi," akacheka.

Wakasema Kiarabu chao cha haraka na mtoto. Nikasikia khalta, khalta. Khalta kwa Kiarabu ni mchanganyiko. Daktari akanigeukia, sasa hacheki. "Ummi, hii khalta yako imemharibu mjukuu wako. Itupe." Mbele ya muuguzi. Nilirudi nyumbani sioni njia, nikachukua simu nikakutukana, na Jumatano yake nikakutangaza sokoni.

Lakini unanijua. Mimi nikishalia huwa naanza kufikiri. Alhamisi iliyofuata nilikataa kumsugua, nikamwambia avue nimtazame. Mapaja mazuri. Mgongo mzuri. Tumbo laini kama siku aliyozaliwa. Ubaya wote usoni, shingoni, na juu ya viganja, na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Nikajisemea, singo gani hii yenye macho, inapita mgongoni haifanyi kitu, ikifika usoni inauma?

Nikaanza kushuku watu. Nilimshuku Mwanaidi, na hili aliandike hivyo hivyo. (Ameandika. Amenuna, lakini ameandika.) Nikamwambia, "Wewe unaingia chumbani kwake kufagia. Unaona nini?"

Akasema, "Bibi, mie sitaki kuonekana mmbea."

"Umbea ukiwa na faida ni ushahidi. Sema."

Akanipeleka jikoni, akafungua friji, akasogeza chupa za maziwa ya laban. Nyuma yake kopo dogo jeupe, halina karatasi, halina jina, halina hata herufi moja. Mimi sijui kusoma, Salma, lakini najua kitu kisicho na maandishi kinaficha baba yake. Nikanusa. Juu marashi, chini harufu ya chuma kilicholowa. Nikamuuliza Wafaa. "Ya mba hiyo, Bibi." Mba ya wapi? Nywele anaosha kila siku, na mba ikaacha kichwa ikaenda kwenye mashavu?

Sikumgombeza. Mtoto ukimgombeza anahamisha kopo tu. Nikamwambia Mwanaidi anichotee kidogo kidogo, Wafaa asijue. Mkono wa kushoto, toka kifundo mpaka kiwiko, nikawa najipaka la kopo, maana wa kulia nautumia kulia chakula. Mkono wa kulia nikajisugua singo yako. Wiki tatu, kanzu ya mikono mirefu, hakuna aliyeona. Wa kulia ukawa laini unanukia. Wa kushoto ukawa mweupe kama samaki aliyelowekwa, hata madoa ya uzee yamefifia. Nikacheka peke yangu, nikasema ningelipata hili nikiwa na miaka ishirini. Nilipoacha kupaka, siku ya tatu ukaanza kuwaka. Mwekundu, unawasha, vipele. Nikafahamu kwa nini mtoto haliachi: ukiliacha linalipiza kisasi, ukilirudia linatulia. Dawa gani hiyo inayokutisha usiiache?

Nikamwambia Wafaa anipeleke kwa daktari, nina mkono unaniuma. Tukaingia. Nikakunja mikono yote miwili ya kanzu, nikailaza juu ya meza yake. Kopo nikaliweka katikati.

Mtoto alipoliona kopo alikaa chini bila ya kuambiwa.

Daktari akaitazama mikono, akavaa miwani. "Ummi, umejipaka kitu usichokijua?"

"Na wewe ulinihukumu kwa kitu usichokijua?"

Akaitazama tena mikono yangu. Halafu akasema, "Haki yako." Tangu hapo nampenda, lakini bado namchunga.

Akamuuliza Wafaa upya, polepole, na mimi nikamwambia mtoto ajibu kwa Kiswahili nisikie, daktari nitamfasiria mwenyewe. Nikamuuliza mimi, "Siku ile ulimwambia unapaka nini?"

"Khalta."

"Ipi?"

"Zote mbili, Bibi. Singo kwa Kiarabu mimi sijui inaitwaje. Imechanganywa, basi khalta. Na hii ya kopo, aliyeniuzia kwenye simu anaiita khalta ya biharusi."

"Na ulipoulizwa nani amekupa?"

"Nikasema bibi yangu."

Umeona, Salma? Sisi tuna maneno mawili, singo na mkorogo, na baina yake iko bahari nzima. Mtoto ana moja tu. Nikamtazama sana. Nikamwambia, "Neno umelikosa, au umejificha nyuma ya neno?"

Akaanza kulia, hata kulia kunamuunguza mashavu. "Walisema samra, Bibi. Mbele ya watu wote."

Nilitaka kuwa mkali. Nikamfuta kwa mkono wa kulia, ule wa singo.

Daktari akasema kopo atalipeleka likapimwe, hawezi kuapa kilichomo, lakini ngozi anaisoma: ni kortizoni, dawa kali ya ngozi, imetiwa ovyo na mtu asiye daktari, na pengine na vingine vibaya zaidi. Amempa mafuta mepesi na dawa ya kutuliza. Amesema uso utawaka kwanza kabla ya kupoa, miezi, si siku, na kuna mishipa mingine huenda isiondoke. Asiguse chochote, asitoke juani bila ya kujikinga. Hata singo isubiri, isipite usoni mpaka ngozi ipone. Hilo nimekubali. Singo yako haina kosa, lakini kidonda hakisuguliwi hata kwa waridi.

Usidhani alitulia. Wiki ya pili uso ulipowaka alinipeleka Nizwa, kasema twende kununua dhahabu, kumbe ni duka la urembo, wanachoma nyuso za watu kwa taa. Yuko mtu wa koti jeupe. Alishamtayarishia mtoto kiti, na hajamuuliza hata anapaka nini! Nikamwambia, "Baba, koti hata muuza nyama analo." Nikamshika mtoto mkono, tukatoka. Tulipofika Ibra akasema, "Bibi, siku nne sijalala na uso huu. Nilikuwa nikilie kwa nani?" Basi alilia, nami nikakaa naye na kitambaa cha maji baridi. Mpaka leo hajatafuta kopo jingine. Nahesabu siku kama mwanamke anayehesabu eda.

Watu wa Sur nimewaambia mimi, si baba yake Wafaa. Yeye alitaka kusema mtoto ana homa. Homa ya miezi mingapi? Nikasema yote, na neno la khala yao nikalirudisha nilivyolipokea. Harusi tumeisogeza mpaka baridi iingie. Kijana akaja mwenyewe, akakaa, akasema aliyemposa ni yule wa maji ya kunde, na huyo ndiye atakayemsubiri. Amelisema kwa Kiswahili, kajifundisha. Sijamwamini bado. Lakini kahawa nimempa ya pili.

Sasa haja yangu. Nisamehe, Salma. Nimekuvunjia heshima mbele ya kizazi chetu, na soko la Jumatano nimeshalipitia leo bibi kwa bibi kuyafuta niliyoyasema. Na nataka uje. Singo usiitume tena. Njoo nayo mikononi mwako, usugue mwenyewe, uwe somo wake wa kumfunda, na umfundishe jina la kila kitu kilichomo, liwa, dalia, asumini, mpaka ajue kulitaja bila ya kusema khalta. Nimekupelekea maji ya waridi ya Jabal Akhdhar, yale meusi kidogo yenye harufu ya moshi. Chupa imefungwa kwa uzi mwekundu, fundo tatu. Ukikuta mbili, kuna mtu kaifungua.

Nisalimie mwanao Hamadi, mwambie aache sigara. Nisalimie shangazi yetu kitandani, umbusu mkono. Nisalimie mjukuu wako Rukia. Picha yenu ya Idi nimeitazama, kapendeza, kawa mweupe. Lakini, ndugu yangu, kabla hujampa salamu zangu, ishike mikono yake uvitazame vifundo vya vidole. Kama uso mweupe na vifundo vyeusi, usimgombeze. Kaa naye. Fungua friji yako, sogeza kilicho mbele.

Ukikasirika tena, kasirika, ila safari hii nifungulie sauti.

Ni mimi dada yako, Zuwena, mwenye mikono miwili ya rangi mbili. Wa kulia ni wa mama. Wa kushoto unarudi polepole.