Kazi Zangu Nyingi, Baba Zuhura

Baba Zuhura mpendwa (nakuita mpendwa kwa mazoea),

Dada yako alifika jana kutoka Kilosa na ujumbe wako: nimkabidhi Zuhura, aje kukaa kwako, eti mimi nafanya mambo kumi kwa mpigo, iko siku nitamsahau mtoto jikoni. Nilicheka mpaka wifi akaogopa.

Unakumbuka nilipojifungua, ulivyosonga ugali? Uliinjika maji, ukakunja mikono, ukayakodolea macho. Mtoto analia, nepi zimelowa, kuku wanadonoa mahindi kwenye jamvi, nawe umesimama. "Ngoja, nimeshika hili kwanza." Ulishika nini, mume wangu? Moto ndio uliokuwa kazini.

Mimi nikibandika maharage nageukia mengine. Nafua, naanika, nanyonyesha. Kifuniko kikianza kucheza naongeza maji, narudi nilikokuwa. Mikono yangu ni miwili kama yako, ila maharage hayanihitaji kila dakika.

Ulipokuwa katibu ukatuletea ugonjwa huohuo kijijini. Siku ya kusaga, wanawake wote tupange foleni mashineni mpaka debe la mwisho litoke, ndipo twende pamoja kupalilia shamba la pamba la ujamaa. Mama Daudi akakuuliza mbele za watu, "Ndugu Katibu, mashine inasaga debe moja. Sisi wengine tunasaga nini, macho?" Ukamwita mvivu. Mama Daudi, mvivu! Pamba ikamezwa na majani tumesimama tu, nawe ukawaambia wakubwa mvua ndiyo mbaya. Wakakupandisha cheo.

Ulipoondoka, tukaanza kuacha madebe mashineni na mtu mmoja. Debe likiwa tayari anagonga kipande cha reli, mwenyewe anakuja kulichukua, wengine tunaendelea na palizi. Hatukuhitaji mkutano kwa hilo.

Kuchoka nimechoka, sikufichi. Juzi nilisinzia nachambua mchele. Na ulivyokuwa ukimwimbia Zuhura, umeacha kila kitu, hilo uliliweza, na yeye bado anatazama mlangoni akisikia mwanamume anaimba. Lakini mtoto anataka uji, dawa na kubebwa saa ileile. Wewe ungemwambia apange foleni.

Ukimtamani, njoo umwone, sijakufungia mlango. Dada yako amekula akashiba, nimemfungia na viazi akuletee. Mtoto sikumpa.

Kaa salama huko ofisini,
Mama Zuhura